Jibu: Pedali ya breki ya Mazda MX-5 ya 1991 kuwa laini

Mkuu, umesema pedali inalainika ukishashuka mlima kwa kasi, gari ikipoa inarudi sawa, na sasa unataka kununua masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali kupeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu). Usinunue bado. Masta silinda iliyokufa huacha pedali izame polepole hata gari ikiwa baridi na imesimama. Dalili zako ni za mafuta ya breki yaliyochoka. Mafuta haya hunyonya unyevu. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji yanaweza kuchemka kwenye 155 tu. Yakichemka kwenye kalipa (kifaa cha kwenye gurudumu kinachobana diski) yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea.

Yangu niliyakuta meusi kabisa, na nati ya kutolea upepo ya nyuma imeshikwa na kutu. Niliipulizia dawa ya kutu jioni, asubuhi ikaachia kwa ring spana. Spana ya mdomo wazi ingeila kona.

Kubadilisha mafuta na kutoa upepo, gari ikae kwenye stendi, si jeki peke yake. Anza na gurudumu la mbali zaidi na masta silinda, msaidizi akanyage pedali wewe ukifungua nati, na asiiachie kabla hujaifunga. Tena, tafadhali sana, weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni: kwenye masta silinda ya zamani, sili zikipita sehemu yenye kutu ambayo hazijawahi kufika, zinachanika. Mafuta yakidondokea bodi, mwagia maji hapohapo, yanakula rangi.

Mipira ya breki inayopitisha mafuta kwenda kwenye magurudumu ikiwa na nyufa, badilisha hiyo kwanza.