Mitandao ya simu isiyoelewana ikiunganishwa: kwa injinia anayeanza kazi

Ukiajiriwa leo katika kampuni ya simu, usishangae kabla hujastaafu kuona kampuni yako inanunua nyingine au inanunuliwa. Siku hiyo wakubwa watazungumzia hisa, jina jipya na rangi ya nembo. Wewe uliza mambo matatu: mtandao upi utazimwa, utazimwa lini, na nani atamnunulia simu mteja ambaye simu yake haitashika tena. Kazi ya kuhamisha wateja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine nimeifanya kwa miaka, na kila mradi niliouona ukikwama, ukirudi nyuma hadi mwanzo wake unakuta swali mojawapo kati ya hayo lilipitwa bila jibu.

Mfano ninaomwambia kila kijana ausome ni wa Sprint na Nextel za Marekani. Walitangaza kuungana Desemba 2004 na wakakamilisha Agosti 2005, kwa makubaliano ya takriban dola bilioni 35. Mwanzoni mwa 2008 kampuni ililazimika kufuta vitabuni dola bilioni 29.7, yaani ilikiri kwamba sehemu kubwa mno ya thamani iliyoandikwa wakati wa muungano haikuwepo tena. Watu wa biashara husimulia habari hii kama ugomvi wa tabia: Sprint wa Kansas hawakuelewana na Nextel wa Reston, Virginia. Ugomvi ulikuwepo. Lakini watu wawili wasioelewana wanaweza kukalishwa chini wakapatanishwa. Redio mbili zisizoelewana hazina kikao.

Tazama zilivyotofautiana. Sprint ilitumia CDMA kwenye masafa ya megahezi 1900. Humo wateja wengi hutumia kwa wakati mmoja mkanda uleule wenye upana wa megahezi 1.25, na kila mazungumzo hutambuliwa kwa msimbo wake. Nextel ilitumia iDEN, teknolojia ya Motorola, kwenye megahezi 800. Hiyo ilikuwa na chaneli nyembamba za kilohezi 25, kila chaneli imekatwa vipande sita vya muda ambavyo simu hupokezana. Simu ya Nextel ilikuwa na kadi ndani. Simu ya Sprint ya wakati ule haikuwa na kadi. Namba ya kifaa chenyewe ndiyo iliyosajiliwa kwenye mtandao. Kwa hiyo hata yale maneno mepesi ya kumwambia mteja, toa laini hapa weka pale, hayakuwa na maana. Mteja wa Nextel angeweza kusimama chini kabisa ya mnara wa Sprint na simu yake isione kitu.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wengi hulipita haraka, nami nakuomba usilipite. Wateja wa Nextel hawakuipenda kwa sababu ya simu za kawaida. Waliipenda kwa kitufe cha ubavuni. Fundi aliye juu ya jengo anabonyeza, kinasikika kimlio, anasema "leteni nondo," na msimamizi aliye chini anamsikia palepale, bila kupiga namba wala kusubiri iite. Huduma hiyo iliitwa Direct Connect. Ni kazi ya redio ya upepo, ila tangu 2003 ilifika Marekani nzima. Mafundi bomba, madereva wa malori, makandarasi na baadhi ya vikosi vya usalama waliishi juu ya kitufe hicho, na walilipa vizuri kuliko mteja wa kawaida.

Siri yake ilikuwa muda. Kutoka kubonyeza hadi kusikika ilikuwa chini ya sekunde moja. Ukitaka kufanya hivyo kwenye CDMA unakutana na kikwazo: simu isiyotumika hulala ili kutunza betri, na huamka kwa vipindi kusikiliza kama kuna anayeiita. Mtandao lazima uisubiri iamke, uitambue, uipe njia ya redio, ndipo sauti ipite. Sekunde mbili tatu zikipotea hapo, mpiga simu wa kawaida hata hatambui. Aliyezoea kubonyeza na kusema anaona huduma imekufa. Sprint ilileta huduma ya kitufe kwenye CDMA, kwa teknolojia ya QChat ya Qualcomm, mwaka 2008. Hesabu mwenyewe: muungano ulikamilika 2005. Kwa miaka karibu mitatu hapakuwa na mahali pa kumpeleka mteja aliyekuwa na thamani kubwa kuliko wote.

Katikati hapo zilitolewa simu zenye redio mbili, kitufe kikipita iDEN na simu za kawaida zikipita CDMA. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri. Mimi naona lilikuwa hatari, maana kila simu ya namna hiyo iliyouzwa ilimwacha mteja akiendelea kuutegemea mtandao uleule uliotakiwa kuzimwa siku moja. Ukipewa nafasi ya kutoa maoni kuhusu kifaa cha mpito, uliza kwanza: kifaa hiki kitaendelea kufanya kazi siku mtandao wa zamani ukizimwa? Kama jibu ni hapana, mteja huyo utamhamisha mara mbili, na utagharamia mara mbili.

Jambo la pili ni masafa. Wengi wanaoanza kazi hii huyaona kama kiwanja: umenunua, ni chako, jenga unachotaka. Leseni haiko hivyo. Masafa ya Nextel ya megahezi 800 yalikuwa vipande vilivyochanganyika na redio za polisi na zimamoto, na minara ya Nextel iliziingilia redio hizo. Mwaka 2004 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliagiza mkanda huo upangwe upya: redio za usalama zihamishwe upande mmoja, Nextel igharamie uhamisho, na kwa kubadilishana ipewe masafa mengine kwenye megahezi 1900. Kazi ilianza Juni 2005 ikipangiwa miezi 36. Ilivuka muda huo kwa miaka mingi, kwa sababu kila mji na kila kikosi kilikuwa na redio zake, mafundi wake na bajeti yake.

Fikiria maana yake kwa anayepanga mtandao. Mkanda wa CDMA unahitaji megahezi 1.25 mfululizo. Huwezi kuuingiza kati ya vipande vya kilohezi 25 ambavyo jirani yake ni gari la zimamoto. Hata wateja wote wa Nextel wangehama mwaka 2006, masafa waliyoyaacha yasingeweza kutumika mara moja kwa teknolojia nyingine. Isitoshe, kanuni zilizoruhusu mikanda mipana kwenye sehemu hiyo zilipitishwa Mei 2012. Ndiyo maana nakusihi: wiki ya kwanza omba nakala ya leseni ya masafa ya kampuni zote mbili uisome mwenyewe. Tazama upana, kama vipande vinafuatana, majirani ni akina nani, eneo linaishia wapi, na kama leseni imefungwa kwa teknolojia fulani. Usitosheke na slaidi ya mauzo inayojumlisha megahezi za kampuni zote mbili na kuandika jumla kubwa chini. Mara nyingi jumla ile haiwezi kutumika kwa redio moja.

Dan Hesse aliposhika uongozi wa Sprint mwishoni mwa 2007 aliikuta mitandao miwili inakula umeme, kodi na mishahara, kila mmoja na mafundi wake. Desemba 2010 kampuni ikatangaza mpango wa Network Vision: kuweka kwenye minara mitambo inayoweza kubeba teknolojia zaidi ya moja katika sanduku moja, na kuizima iDEN. iDEN ilizimwa tarehe 30 Juni 2013, karibu miaka minane baada ya muungano. Na hapa kuna funzo zito kwa wewe utakayekaa kwenye timu ya uhamisho. Kadiri siku ya kuzima ilivyokaribia, ndivyo Sprint ilivyoshindwa kuwabakiza wanaoondoka iDEN. Robo ya mwisho ya 2012 ilibakiza karibu nusu. Robo ya pili ya 2013 ilibakiza karibu theluthi tu. Hivyo ndivyo ilivyo kawaida. Wanaohama mapema ni wale wanaokupenda au wanaotaka simu mpya. Wanaobaki hadi mwisho ni makampuni yenye simu mia kwa pamoja, wenye mikataba, wenye kazi nyeti. Ukiwalazimisha kununua simu mpya, wataalika kampuni zote zilete bei, na wewe utakuwa mmoja tu kati yao. Waanze hao kuhudumiwa, hata kama takwimu za miezi ya mwanzo zitaonekana ndogo mbele ya wakubwa.

Linganisha na T-Mobile ilipoungana na MetroPCS mwaka 2013. MetroPCS nayo ilikuwa CDMA, ikiwa na wateja takriban milioni tisa, na T-Mobile ilikuwa upande wa GSM, teknolojia nyingine isiyoelewana na CDMA. Hawakupoteza muda kujaribu kuzioanisha. Walisema tangu mwanzo CDMA itazimwa, wakauza simu mpya zinazoshika mtandao wa T-Mobile kwa jina lilelile la MetroPCS ambalo mteja analijua, na wakaenda mji kwa mji. Philadelphia, Boston na Las Vegas zilitangulia mwaka 2014, na kufikia 2015 kazi ilikuwa imekwisha. Walisaidiwa na aina ya wateja: watu wa malipo ya kabla, ambao hubadilisha simu mara kwa mara kwa hiari yao. Lakini bahati hiyo haikuanguka tu. Kabla ya kutia saini walijua mteja wa MetroPCS anakaa na simu muda gani, na tarehe ya kuzima ikatoka kwenye hesabu hiyo.

T-Mobile ilipokuja kuichukua Sprint yenyewe, Aprili 2020, ilikutana na ugumu wa namna nyingine. Simu nyingi za Sprint zilikuwa tayari na 4G, kwa hiyo intaneti haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa sauti: simu za zamani zilipiga simu kwa CDMA tu. Tena, baadhi ya waliokuwa kwenye CDMA walikuwa wateja wa Boost, huduma ya malipo ya kabla ya Sprint, ambayo ilikuwa imeuzwa kwa kampuni ya Dish kama sharti la muungano. Dish ililalamika kwamba muda ni mfupi, na tarehe ya kuzima ikasogezwa kutoka 1 Januari hadi 31 Machi 2022. Kwenye hesabu zako usisahau wateja wasio wako wanaokaa kwenye minara yako.

Kwetu Afrika Mashariki miungano iliyosikika zaidi imekuwa ya GSM kwa GSM. Warid iliingia Airtel Uganda mwaka 2013. Mwaka 2014 yuMobile ya Kenya iligawanywa, mitambo ikaenda Safaricom na wateja wakaenda Airtel. Tigo na Zantel ziliunganishwa Tanzania. Kwa hiyo kijana anaweza kudhani haya ni mambo ya Wamarekani. Subiri siku utakapoambiwa 2G au 3G izimwe ili masafa yaende 4G na 5G. Kitochi cha bibi kijijini kinashika 2G. Mashine nyingi za EFD dukani (zile za risiti za kodi), vifaa vya kufuatilia magari na kengele za ulinzi zina laini ndani yake, na hakuna mtu anayezishika kila siku akaona ujumbe wako wa "badilisha simu". Vifaa hivyo havijibu SMS. Lazima umtafute aliyevifunga.

Kwa hiyo jifunze mapema kusoma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa. Tarakimu nane za kwanza hutaja aina ya kifaa. Chukua kumbukumbu za mtandao za siku thelathini, panga wateja kwa tarakimu hizo nane, kisha zilinganishe na orodha ya vifaa vinavyoshika mtandao unaobaki. Hapo ndipo utajua mradi una ukubwa gani. Nimeona kazi hii ikiachwa kwa kitengo cha masoko, nao huleta orodha ya simu walizouza wao, wakati nusu ya simu zilizopo mtandaoni zilinunuliwa Kariakoo au zilitumwa na shemeji aliye Muscat. Tena usiamini kwamba simu yenye 4G inaweza kupiga simu kwa 4G. Zipo zinazofungua video vizuri, ila mwenyewe akipiga namba zinarudi 3G au 2G. Zijaribu moja moja mkononi, ukiwa na laini ya mtandao unaobaki, na upige pia namba za dharura.

Mwisho kuna minara yenyewe. Redio ikizimwa, kodi ya eneo haizimiki nayo. Mikataba mingi ni ya miaka mingi na inataka notisi ya maandishi. Sprint ilitoza vitabuni gharama kubwa za kuvunja mikataba ya maeneo ya iDEN baada ya kuizima. Ukipewa kazi ya kuandaa orodha ya minara, isiishie kwenye namba ya mnara na aina ya redio. Weka jina la mwenye eneo, tarehe mkataba unapoisha, siku za notisi, nani mwingine anatumia umeme wa hapo, na ni kiungo gani cha data cha mnara wa jirani kinapitia hapo. Hicho cha mwisho kikague kwa macho yako, uende hadi kwenye chumba cha mitambo ufuate kebo, kwa maana mnara ulioandikwa "tayari kuondolewa" mara nyingi ndio unaobeba data ya vijiji vitatu vinavyoufuata.