Kuzungusha moto beach: barua zenu na majibu

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Kigamboni, nina miaka 22. Mwezi wa nane nilienda Kendwa kule Unguja nikaona vijana wa sarakasi wanazungusha minyororo ya moto usiku, nikachanganyikiwa kabisa. Niliporudi nikajitengenezea poi zangu, yaani hiyo minyororo yenye utambi wa kuwasha kwenye ncha, kwa mnyororo wa mbwa na vipande vya blanketi kuukuu, najifunza na rafiki yangu. Sasa yeye anataka tuanze na kupuliza moto kwa mdomo, anasema petroli inatoa moto mkubwa na mafuta ya taa siku hizi mpaka uyatafute. Tufanyeje tusiumie?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na petroli maana ndo imefanya barua yako niijibu kabla ya zote. Msiitumie, sio kwenye poi wala mdomoni. Mafuta ya taa yanataka joto la kama nyuzi 38 hivi kwenda juu ndo yatoe mvuke wa kushika moto, petroli inautoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa hapo Kigamboni na joto lenu dumu likiwa wazi mvuke upo muda wote, na ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini mpaka ukutane na sigara ya mtu afu moto unarudi nao mpaka kwenye dumu.

Kupuliza, hata kwa mafuta ya taa, mi sifundishi mtu kwa barua. Watu wanaogopa kuungua midomo, kumbe kinacholaza watu hospitali ni yale mafuta yenyewe. Ni mepesi mno, ukistuka tu ukavuta pumzi yakiwa mdomoni yanateleza mpaka kwenye mapafu na kusambaa, huo ugonjwa Ulaya madaktari wameupa jina kabisa, pafu la mla moto. Mwenzangu mmoja alipuliza mara tatu usiku, akakohoa kidogo akasema yuko poa, kufika asubuhi homa, kila akivuta pumzi anashika ubavu, na bado pumzi inanuka taa. Ikitokea kwenu msimtapishe maana yakipanda yanaingia tena mapafuni, na yale maziwa tunayopenda kumpa mtu msimpe, mpelekeni hospitali hata kama anasema kikohozi kimeisha.

Poi ndo nakuunga mkono kwa moyo wote. Asili yake ni kwa Wamaori wa New Zealand, na za kwao za jadi hazina moto kabisa, ni mpira mwepesi kwenye kamba wanacheza nao na kuimba. Na we anza hivyo hivyo, chukua soksi mbili ndefu, weka mchele kwenye ncha, funga, zungusha miezi kadhaa mpaka usijigonge hata ukiwa umechoka. Siku unajigonga na soksi unacheka, na moto hauchekeki.

Hilo blanketi litoe. Chomoa uzi mmoja uuchome, ukiwa majivu yananuka karatasi hiyo ni pamba, ukijikunja ukawa kidonge kigumu cheusi hiyo ni polista na itadondoka ikiwaka na kuganda kwenye ngozi. Kipimo hicho hicho fanya kwenye nguo unazovaa. Wazoefu utambi wao ni kevla, ule uzi wa fulana za kuzuia risasi, pamba tupu inafaa ila inaisha haraka. Ukishachovya utambi kwenye mafuta ya taa kamua, afu poi zizungushe kwanza bila moto mbali na watu ili matone yaruke yote, dumu limefungwa liko mbali upande upepo unakotoka. Rafiki yako asishike simu kurekodi, ashike taulo la pamba lililolowa na macho yawe kwako tu. Na msisogelee banda la makuti hata kama ndo kuna wateja, makuti makavu hayakupi muda wa kufikiri. Ukiungua, maji ya bomba yatiririke dakika 20, dawa ya meno na asali hapana. Moto ukiwashinda pigeni 114.

SWALI: Kaka, mi ni dada wa Mtwapa, nazungusha poi mwaka wa pili sasa, nimesuka rasta. Nikizifunga nyuma inatosha?

JIBU: Haitoshi dada yangu. Rasta nyingi za dukani ni plastiki, zinayeyuka na kushikamana na kichwa na shingo, na poi inapopita nyuma ya mgongo wewe huioni. Zikunje zote juu, funga kitambaa cha pamba ulicholowesha, ncha zisichungulie hata moja, na kabla hujawasha mwambie msimamizi wako akuzunguke akupapase kisogoni.