Umeuliza ubongo, nakujibu foleni

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unauliza: ule mkono nilioushuhudia begani mkesha wa Krismasi, mwaka mama yenu alipolazwa, haukuwa ubongo tu? Unasema sayansi imeshamaliza, nikubali yaishe. Sawa, ila hilo la ubongo silo linaloninyima usingizi. Kinachonisumbua mimi ni mahali.

Nianze na hiyo kofia uliyonitajia. Ni kweli, Michael Persinger, mtafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Laurentian, Kanada, alichukua helmeti akaifunga koili za waya, akawa anapitisha nguvu hafifu ya sumaku kwenye ubongo, usawa wa juu ya masikio. Wengi aliowakalisha chumbani peke yao walisema wamehisi kuna mtu karibu. Wewe ukaishia hapo. Ungesoma mbele kidogo ungemkuta Pehr Granqvist na wenzake wa Sweden, ambao mwaka 2005 walitangaza kwamba wameirudia kazi ile kwa namna ambayo anayepima na anayepimwa wote hawajui koili zimewashwa au zimezimwa. Waliohisi kitu walikuwa wale wepesi wa kuchukuliwa na wanachokitarajia. Koili hazikuwa na habari.

Nilifurahi sana kuisoma hiyo. Nikafurahi kama dakika kumi hivi, halafu nikajiuliza: na wewe mzee, si mwepesi? Siku tatu hujalala, mkeo yuko kitandani na daktari hakutazami usoni, ni mkesha wa Krismasi. Nani angekuwa mwepesi kukushinda?

Sasa sikiliza. Kila mwaka mmenisikia: niko kanisani, ibada ya mkesha, kwaya inaimba, mara mkono begani, nageuka hakuna mtu, na hofu yote imeondoka. Nimeitolea ushuhuda mbele za watu. Dada yako alilia.

Sikuwa kanisani. Nilikuwa dukani, kwenye foleni.

Ndiyo, mimi. Mimi wa "Mungu hauzwi". Mimi niliyewachosha kwa habari za Anna Jarvis, yule Mmarekani aliyeanzisha Siku ya Mama kwa ibada ya kanisani mwaka 1908, kisha akamaliza umri na mali yake akipigana na wauza maua na wauza kadi walioinyakua, hata akafa mwaka 1948 akiwa hana kitu. Nilimfanya mtakatifu wangu. Na bado nasema, Mungu hauzwi, sikukuu wameigeuza soko, na katika hilo sirudi nyuma hata hatua moja.

Lakini jioni ile nilitoka hospitali nikakumbuka nimekuahidi lile gari jekundu. Lilikuwa limebaki moja, boksi limepasuka ubavuni, gurudumu limechungulia nje, na kibandiko cha bei kimening'inia kwa uzi kwenye ekseli. Juu ya mlango palikuwa na spika inayokwaruza, ikipiga ule wimbo bibi yenu alionifundisha nikiwa mdogo. Kila ukifika ubeti wa pili unaruka, unarudi mwanzo. Foleni haisogei. Nilikuwa nimekasirika, nakwambia kweli, nimewakasirikia wote mle ndani na mimi mwenyewe wa kwanza.

Wimbo uliporuka mara ya nne au ya tano, nikahisi mkono. Bega la kushoto. Ulikuwa na uzito, ulikuwa na joto. Nikageuka. Nyuma yangu alikuwa mama mmoja mzee amekumbatia mabunda ya karatasi za kufungia zawadi kwa mikono yote miwili, tena ameegemeza kidevu juu yake yasianguke. Hakuwa na mkono wa ziada. Na ile hofu iliyokuwa imenikaba tangu Jumatatu, haipo. Nikasimama pale machozi yananitoka, mpaka keshia akaniuliza, "Baba, unalipa au hulipi?"

Nikalipa.

Kabla sijafika hospitali nilikuwa nimeshaanza kulihamisha. Ningemwambiaje mama yenu kwamba nimetembelewa mbele ya rejista ya pesa? Kwanza nikamwambia "nilikuwa njiani kwenda kanisani". Mwaka uliofuata nilikuwa mlangoni. Wa tatu nikajikuta nimeketi benchi la mbele na kwaya imesimama.

Kuna kitu nilikisoma kikanichoma. Mwaka 2006 Mario Beauregard, mtafiti wa ubongo wa Montréal, Kanada, aliwapima watawa 15 wa Kikatoliki wa shirika la Karmeli kwa MRI, mashine inayoonyesha ubongo ukifanya kazi. Walimweleza kwamba Mungu haji kwa kuitwa, basi akawaomba wakumbuke tu saa waliyokuwa karibu naye kuliko zote. Sehemu nyingi za ubongo zikaamka, wala hakuna kona moja ya kusema hapa ndipo Mungu anapokaa. Lakini mimi nikabaki kwenye neno kukumbuka. Wangenilaza mimi humo, wakaniambia nikumbuke, mashine ingeona nini? Kwaya au spika? Maana kwaya ile naisikia kabisa, mwanangu. Mpaka sauti ya tatu naisikia.

Ukisema ni ubongo, nakujibu kwamba hata maumivu ya jino yako kwenye ubongo, na jino limeoza kweli. Halafu najikata mwenyewe: aliyekatwa mguu naye huhisi vidole vinamuuma, na vidole havipo. William James, yule mwanafalsafa Mmarekani, alipofundisha Edinburgh, Uskoti, mwaka 1901 na 1902, alisema tusiuangalie mzizi wa jambo kama hili, tuangalie matunda. Nilimpenda kwa hilo miaka mingi. Ila tunda langu la kwanza lilikuwa uongo. La pili, nilikaa kando ya kitanda cha mama yenu usiku kucha bila kutetemeka, naye aliona.

Unataka hukumu, najua. Iko kwenye ncha ya ulimi, na tangu nianze kuandika nimeimeza mara tatu. Ukinibana nitasema kwamba... hapana. Akili yako ni nzima, pima mwenyewe.

Ila dada yako usimwambie bado, nitamwambia mimi akija. Mchungaji asubiri. Na lile gari, kama bado liko kwenye vitu vyako, angalia ekseli ya mbele: nadhani ule uzi sikuwahi kuukata.

Baba yako