Faksi ya ofisi: ipe laini yake yenyewe

Wengi huniambia faksi imekufa, lakini kazi ya kuiunganisha maofisini sijaikosa. Hapa Kisumu wanaoniita zaidi ni zahanati na mawakili. Mgonjwa amehamia Marekani, hospitali ya huko inataka rekodi zake, na inazitaka kwa faksi. Ofisi nayo imeshanunua mtambo mpya wa simu, laini zinapita kwenye faiba, na karani anatafuta tundu lolote la ukutani achomeke mashine.

Tafadhali, asichomeke. Mashine ya faksi hutaka ekstensheni (laini ya ndani ya ofisi) ya analogi, na tundu la simu ya kidijitali laweza kuiunguza. Mwambie fundi akutengee tundu la analogi kwenye mtambo. Kama mtambo wote ni wa intaneti, nunua adapta ya analogi, kifaa cha kuunganisha mashine ya analogi na mtambo huo.

Pili, faksi iwe na namba yake ya moja kwa moja. Ikipitia ile sauti ya "bonyeza moja kwa mapokezi", mashine inayotuma hubaki ikipiga filimbi yake hadi ikachoka na kukata. Kwenye ekstensheni hiyo zima pia kurekodi mazungumzo na ile milio ya kuashiria kuna simu nyingine inasubiri. Mlio mmoja tu katikati ya ukurasa unatosha kuuharibu.

Shida kubwa zaidi huwa kwenye kodeki, yaani namna mtambo unavyogeuza sauti kuwa data, na hapa ndipo ofisi nyingi hulaumu mashine isiyo na kosa. Ili kuokoa intaneti, mitambo mingi huwekwa kodeki ya G.729, inayobana sauti kutoka kilobiti 64 kwa sekunde hadi 8. Sikio la mtu huvumilia, maneno bado yanaeleweka. Faksi haivumilii, kwa kuwa ukurasa mzima umo ndani ya milio inayotoa, na ikibanwa habari zinapotea. Weka G.711, kodeki inayobaki na kilobiti 64, kwa ekstensheni ya faksi. Kama adapta na kampuni ya simu zote zinakubali T.38, kanuni ya kutuma faksi kupitia intaneti, hiyo ni bora zaidi: ilipitishwa mwaka 1998 kwa kazi hii hasa, na husafirisha data ya ukurasa badala ya milio. Ila iulize kampuni, tena kwa maandishi, kama T.38 inafika hadi upande wa pili au inaishia kwao.

Kisha punguza kasi ya mashine. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na biti 33,600 kwa sekunde. Zishushe hadi 14,400, na laini ikisumbua, 9,600. Kurasa zitachelewa kidogo, lakini zitafika.

Kuna mafundi ambao, faksi ikikatika-katika, huzima ECM, yaani usahihishaji wa makosa, ili kurasa zipite. Kwa zahanati napinga kabisa. Bila ECM mstari unaweza kupotea na ripoti bado ikasema imefika salama. Mstari huo ukiwa ndio wenye kipimo cha dawa, nani atajua? Afadhali ikatae kutuma, mtu atume tena.

Kupiga nje ya nchi: kama mtambo unadai 9 kwanza, hifadhi namba ikiwa na kituo kifupi (pause, mashine ingoje kidogo) baada ya 9, ndipo 000 na msimbo wa nchi. Bila kituo hicho, mashine hupiga tarakimu kabla laini haijafunguka.

Umeme na radi usivipuuze. Mvua za jioni za huku ziwani huja na radi kali, kwa hivyo weka kinga ya radi kwenye waya wa simu, hakikisha mtambo una waya wa ardhi, na adapta na ruta zipate umeme wa betri.

Mwisho, usijaribu kwa ukurasa mmoja mweupe. Tuma kurasa nyingi, moja iwe na picha yenye vivuli vingi, kwani hiyo huchukua muda mrefu zaidi na laini mbovu hujitokeza hapo. Wapigie wanaopokea wakusomee ukurasa wa mwisho. Kama ni New York, subiri saa kumi na moja jioni, wakati huo kwao ni asubuhi na ofisi zimefunguliwa.