Wali wa maji na chumvi tupu wa nini na nazi zipo

Dadangu umeuliza ufanyeje wali usiwe mweupe kila siku na watoto washaanza kuususia, mimi nakwambia anza na nazi. Mbuzi ya kukunia ipo, acha uvivu. Ikune nazi moja, chuja tui zito uliweke kando, halafu tia maji kwa yale machicha ukamue tena upate tui jepesi. Mchele vikombe 2, pishori ama basmati, osha mpaka maji yatakate kisha uroweke kama nusu saa hivi.

Sasa hilo tui jepesi ndilo la kupikia, vikombe 2 na nusu hivi, tia chumvi, iliki 4 ulizozigonga kidogo, kijiti cha mdalasini na karafuu 3 basi, usijaze karafuu wali ukanuka kama dawa ya jino! Likichemka mimina mchele, koroga mara moja tu, na maji yakikaribia kukauka ndo unamwagia lile tui zito nusu kikombe, unafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Kama wapikia gesi punguza moto kabisa, dakika 15 usifunuefunue.

Siku huna nazi kaanga kitunguu mpaka kiwe cha hudhurungi, tia bizari nzima na kitunguu thomu, kaanga na mchele wenyewe kidogo ndo utie maji. Si mbaya, lakini ukoko wake haufikii wa nazi, kwetu ule twaugombania.