Dada, Dawa Yako Imechacha

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, ile dawa yako ya kikohozi ya asali na tangawizi imetoa povu siku ya nne na inanuka kama pombe. Mbona unatudanganya?"

Nikaiweka simu chini. Usiku nikausoma tena ule ujumbe, bado ukaniuma. Dawa ile nimeitengeneza miaka mingi, nimeinywa mwenyewe, nimewapa wangu. Kuambiwa nimekosea sawa, lakini kudanganya?

Nilimjibu kwa maswali matatu: asali kiasi gani, tangawizi kiasi gani, umeihifadhi wapi? Akasema asali alikadiria, tangawizi alikadiria, akatia nusu kikombe cha maji "isiwe nzito sana," na chupa aliiweka kwenye rafu iliyo juu ya jiko. Basi, hapo hapo nikapata jibu. Asali iliyokomaa haichachi kwa sababu maji yake ni machache, kwa kawaida chini ya asilimia 20, na hamira zilizolala ndani yake hazipati nafasi ya kukua. Ukitia maji umeziamsha. Hata tangawizi mbichi peke yake hutoa maji yake ndani ya asali. Mchanganyiko kama huo unakaa kwenye friji, unatengenezwa kidogo kidogo, unaisha ndani ya siku chache. Niliyaandika haya. Labda niliyaandika chini sana ambako watu hawafiki.

Ila nisijifanye mtakatifu. Na mimi niliwahi kuloweka vitunguu maji ndani ya asali, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaifungia chupa kabatini na kusafiri. Niliporudi nikaishika tu, kifuniko kikafyatuka. Asali ilifika darini. Nilisugua mpaka usiku, na kwa wiki nzima sisimizi walikuwa wageni wangu. Kwa hiyo ninaposema andika tarehe kwenye chupa, sisemi kwa sababu nimesoma mahali.

La kitunguu saumu ndilo lililoniumiza hasa. Nilikuwa na fangasi mguuni, nikasoma kwamba kitunguu saumu kinaua fangasi. Nikatwanga punje tatu mbichi, nikazibandika, nikafunga kitambaa, nikalala. Paliwaka moto. Nikajipa moyo kwamba dawa inafanya kazi (hili ndilo kosa la watu wa dawa za asili, kila kinachowasha tunakiita nguvu). Asubuhi nikakuta lengelenge kubwa na ngozi imebabuka. Kitunguu saumu kibichi kinaunguza ngozi kabisa, kama unavyounguzwa na kitu cha moto. Kovu ninalo mpaka leo, na fangasi niliitibu kwa krimu ya duka la dawa.

Sasa nije kwa wifi yangu, maana siwezi kutoa ushauri wa asali bila kumtaja. Mtoto wa nyumbani alikuwa na miezi minane, anakohoa. Nilishachota kijiko cha asali yangu, nakipeleka mdomoni, wifi akanishika mkono mbele ya watu wote: "Huyu hapewi asali." Wifi yangu ni nesi. Niliona ananidhalilisha tu, kwamba amesoma na mimi ni mtu wa majani. Hatukusalimiana miezi mitatu.

Nilikuja kusoma mwenyewe, peke yangu, kwa nia ya kumuumbua. Nikakuta asali inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mtu mzima hazimsumbui. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, utumbo wake bado haujaweza kuzizuia, zinaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Na kuichemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo. Bakteria huyo huyo ndiye anayefanya kitunguu saumu kibichi kilicholowekwa kwenye mafuta na kuachwa mezani kiwe hatari, hata kama hakinuki vibaya. Wifi alikuwa sahihi kwa kila neno. Nilimpelekea kichupa cha marhamu nikitumaini ataelewa kuwa ndiyo samahani yenyewe. Lakini namna alivyonishika mkono, mbele ya watu, hapana, hilo bado sijalimeza.

Tuendelee. Wengi wenu mnachemsha kila kitu. Jani mnachemsha, ua mnachemsha, mzizi mnachemsha, kwa muda ule ule na sufuria wazi. Jani na ua vinataka kumwagiwa maji ya moto, kufunikwa, na kuachwa dakika 10 hadi 15. Ile harufu nzuri inayojaa jikoni ni mafuta ya mmea yanayokukimbia, ndiyo maana ya kufunika. Mzizi na gome ni vigumu, hivyo ndivyo vya kuchemka taratibu dakika 20 na zaidi.

Moto si jambo dogo. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipokuwa akitafuta dawa ya malaria kwenye mmea wa Artemisia annua, matokeo yake mwanzoni yalikuwa yanayumba. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong ya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akakuta mmea unalowekwa kwenye maji na kukamuliwa, hautajwi kuchemshwa. Akashuku kwamba joto linaharibu kiini cha dawa. Akabadilisha njia, akatumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata alichokuwa akikitafuta. Tuzo ya Nobel ikaja 2015. Na kabla hamjaniandikia: hapana, chai ya artemisia haitibu malaria. Shirika la Afya Duniani haliiungi mkono, kwa sababu kiini ndani ya majani ni kidogo na hakitabiriki, na dozi pungufu inawafundisha vimelea kuizoea dawa. Malaria inapimwa na kutibiwa kwa vidonge kamili.

Ninachojivunia mwaka huu ni marhamu. Mara ya kwanza iliota ukungu kwa sababu nilitumia majani mabichi, na maji ndani ya mafuta ni mwaliko wa ukungu. Mara ya pili ilikuwa ngumu kama mshumaa. Mara ya tatu nilikausha majani kivulini hadi yakavunjika vidoleni kama karatasi, nikayaloweka kwenye mafuta wiki nne (sina cha kusimulia kuhusu wiki hizo, chupa ilikaa tu), nikachuja, nikapima kwa mizani: nta ya nyuki gramu 20, mafuta gramu 100. Kabla ya kumimina nilidondosha tone kwenye kijiko baridi. Likaganda, likalainika kidoleni. Nilikaa nikaliangalia lile tone kama mtu aliyejifungua.

Nilifika hapo kwa sababu ya daftari. Pimeni, andikeni, bandikeni lebo. Jina la mmea, gramu, tarehe. Mtu ananiambia "nilitia kiganja." Kiganja cha nani? Halafu mwenzake anakipata kile kichupa baada ya mwezi, hajui kama ni cha kunywa au cha kupaka, anakunywa. Tuache uvivu huu. Tunataka watu waziheshimu dawa zetu na sisi wenyewe hatuziheshimu kiasi cha kuziandikia tarehe! Na kama unatumia dawa za hospitali, mwambie daktari wako majani unayokunywa. Mmea wa Hypericum perforatum, wanaounywa watu wenye huzuni, unapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na dawa nyingine nyingi. Kuna wanaoficha kwa aibu. Aibu ya nini? Na kikohozi kikipita wiki mbili, au ukiona damu, iache asali, nenda ukapimwe. Lebo, nasema tena. Lebo.

Yule msomaji jana amenitumia picha ya chupa mpya, ndani ya friji. Ina jina, ina gramu, ina tarehe, mwandiko mzuri kuliko wangu. Kifuniko tu naona amekikaza kama nilivyokaza mimi siku ile. Nimemwandikia akilegeze kidogo. Hajajibu.