Mama hali chakula kwa sababu ya vidonda vya mdomo

Pole sana, dada. Kama mama anakataa chakula kwa vidonda vya mdomo tangu aanze tibakemikali (dawa za saratani), usimwekee sahani kubwa, inamkatisha tamaa. Mpe kidogo kila baada ya saa 2 au 3: uji laini, mtindi, yai lililoiva vizuri. Koroga kijiko cha siagi ya karanga kwenye uji, kiongeze nguvu. Chakula kiwe vuguvugu, kwani cha moto, ndimu na pilipili huchoma vidonda.

Kabla na baada ya kula asukutue kwa robo kijiko cha chai cha chumvi ndani ya glasi ya maji ya uvuguvugu, ateme. Akisikia ladha ya chuma, tumia kijiko cha plastiki.

Joto likifika 38, au asipoweza kumeza hata maji, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku: huenda tibakemikali imeshusha kinga yake ya mwili.